Chingamu ya Daktari Craven

Lawrence Craven alikuwa daktari wa kawaida tu. Hakuwa profesa, hakuwa na maabara, hakuwa na wanafunzi wa kumbebea mafaili. Alikuwa na kliniki Glendale, mji ulio karibu na Los Angeles, na kati ya kazi zake ilikuwa kuwatoa watu tonsili. Miaka ya 1940 upasuaji huo ulikuwa jambo la kila siku. Mgonjwa anakatwa, anarudi nyumbani na koo linalowaka moto, na daktari anampa Aspergum, yaani chingamu iliyotiwa aspirini, atafune maumivu yatulie.

Sasa, wagonjwa wake wakaanza kutokwa na damu. Si ile damu kidogo ya kidonda kibichi. Hii ilikuwa damu ya kumrudisha mtu hospitali akiwa amejifunga taulo shingoni. Craven alipofuatilia, akaona kwamba waliovuja zaidi ni wale ambao hawakutosheka na chingamu walizopewa, wakaenda kujinunulia nyingine dukani.

Daktari mwingine angepiga chingamu marufuku na kuendelea na maisha yake. Craven aligeuza swali. Kama hiki kitu kinazuia damu isigande kwenye koo lililokatwa, je, hakiwezi kuizuia isigande pale ambapo kuganda kwenyewe ndiko kunaua? Ndani ya mshipa wa moyo, kwa mfano.

Akaanza kujijaribu mwenyewe. Alimeza tembe 12 za aspirini kwa siku, na ndani ya siku tano pua ikaanza kuvuja damu bila kuguswa. Akaacha, damu ikakoma, akarudia tena. (Usijaribu hii nyumbani. Nasema hivyo kwa sababu nawajua watu.) Mwaka wa 1950 akachapisha makala kuhusu wanaume kama 400 aliokuwa akiwapa aspirini, akidai hakuna hata mmoja aliyepata mshtuko wa moyo. Kufikia 1956 hesabu yake ilikuwa imefika karibu wanaume 8,000, na dai lilikuwa lile lile.

Hakuna aliyemsikiliza, na kusema kweli wakubwa wa udaktari hawakukosa sababu. Craven hakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Ukiwapa wanaume 8,000 kidonge na wasife, bado hujui wangapi wangekufa bila kidonge. Tena alichapisha kwenye majarida madogo ambayo maprofesa wa Boston na London hawakuwa wakiyafungua. Mwaka wa 1957 Craven akafa. Kilichomuua ni mshtuko wa moyo.

Ukitaka kumcheka, hapo pana nafasi. Mimi namrudia kwa sababu nyingine. Tumezoea kusema kwamba dawa ina kazi yake, halafu ina "madhara ya kando", kama vile madhara yamening'inia nje ya dawa, mlangoni, mithili ya makanga. Kwa dawa hizi zinazozuia damu isigande, historia haikwenda hivyo. Damu ilitangulia. Hayo yanayoitwa madhara ndiyo yaliyomwonyesha Craven kwamba kuna dawa hapo, na kila hatua iliyofuata, hadi leo, imelipiwa kwa damu hiyo hiyo.

Kwanza turudi nyuma kidogo, kwa sababu aspirini ilikuwa na maisha mengine kabla ya Glendale. Mwaka wa 1763 kasisi Mwingereza, Edward Stone, aliandika barua London kueleza jinsi alivyowatibu watu homa kwa unga wa gome la mti wa willow. Mwaka wa 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer kule Ujerumani, akatengeneza aspirini safi ya kuuzwa. Arthur Eichengrün, mwenzake kazini, alikuja kusema baadaye kwamba wazo lilikuwa lake, na kwamba jina lake lilifutwa kwa sababu alikuwa Myahudi. Hiyo ni kesi inayotaka makala yake yenyewe. Kinachonichekesha mimi ni kwamba Heinrich Dreser, mkuu wa majaribio ya dawa pale Bayer, hakuitaka. Aliogopa kwamba itadhoofisha moyo! Dawa ambayo leo mzee yeyote wa presha anaijua kama dawa ya moyo ilikawia kutoka kiwandani kwa sababu ya huo huo moyo.

Na damu yenyewe? Giulio Bizzozero wa Turin, Italia, alikuwa tayari ameshaeleza mengi mwaka wa 1882. Alitazama kwa hadubini mishipa midogo ya wanyama walio hai, akaona kwamba mbali na chembe nyekundu na chembe nyeupe kuna kitu cha tatu, kidogo sana, bapa kama kisahani. Mshipa ukiumizwa, visahani hivi hufika, hunata kwenye jeraha, vinanatana vyenyewe kwa vyenyewe, na kuziba. Kwa Kiswahili tunaviita chembe sahani, na jina limekaa vizuri. Bizzozero aliona pia kwamba kazi hiyo hiyo inayoziba kidonda inaweza kuziba mshipa mzima. Fundi anayekuzibia paa akikosea nyumba, ataziba bomba la maji.

Lakini hakuna aliyeunganisha chembe sahani na aspirini kwa miaka mingi. Dalili zilikuwepo. Mwaka wa 1938, madaktari wawili wa hospitali ya Guy's, London, Douthwaite na Lintott, walitumia kifaa kipya cha wakati huo, mrija wenye lenzi unaoshushwa kooni hadi tumboni. Wakawapa wagonjwa aspirini, wakachungulia. Waliona ukuta wa tumbo ukiwa mwekundu, umechubuka, pengine unavuja damu. Watu walikuwa wanaimeza dawa hii kama karanga kwa miaka 40, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu kuangalia inafika ndani ikifanya nini. Walichapisha. Watu wakaendelea kumeza.

Aliyefungua mlango ni Gustav Born, naye alifika hapo kwa njia mbaya. Alizaliwa Ujerumani, mtoto wa mwanafizikia Max Born, na familia yao ikakimbia Wanazi mwaka wa 1933. Baada ya vita alikuwa daktari kijana katika jeshi la Uingereza, akafika Hiroshima. Huko aliona watu walionusurika na bomu lenyewe, halafu wakaanza kutokwa na damu isiyokoma. Mionzi ilikuwa imeua uboho, mahali chembe sahani zinapotengenezwa. Zile zilizokuwepo zikaisha, mpya hazikuja, na mwili ukashindwa hata kuziba mikwaruzo midogo ya kila siku ambayo mimi na wewe hatujui kama tunayo.

Born hakuisahau. Mwaka wa 1962 alitangaza mashine rahisi ajabu. Unachukua sehemu ya damu yenye chembe sahani nyingi, unaiweka kwenye kijichupa, unapitisha mwanga. Inaonekana kama maji ya mchele, na mwanga haupiti vizuri. Ukitia kemikali inayoziamsha, chembe hushikana mabonge, maji yanakuwa angavu, mwanga unapita. Basi. Ukitaka kujua kama dawa fulani inazuia chembe zisishikane, itie kwenye kijichupa uangalie mwanga. Kwa kifaa hicho, kufikia mwisho wa miaka ya 1960, watafiti wa Marekani na Uingereza walikuwa wameonyesha kwamba mtu aliyemeza aspirini, chembe sahani zake hazishikani inavyotakiwa. Chingamu ya Craven ilikuwa imepata shahidi.

Mwaka wa 1971 John Vane, pale London, akaeleza kwa nini. Aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Miaka minne baadaye kundi la Bengt Samuelsson nchini Uswidi likaipata tromboksani, kemikali ya ukoo huo huo ambayo chembe sahani huitoa kuziita wenzake: njooni, kuna jeraha hapa. Aspirini inakata wito huo. Mwaka wa 1982 Vane na Samuelsson, pamoja na Sune Bergström, walipewa Tuzo ya Nobel.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipo.

Aspirini haiishii tu kukigusa kimeng'enya kinachotengeneza tromboksani. Inakiharibu kabisa. Seli ya kawaida ingetengeneza kingine, lakini chembe sahani haina kiini, haina kiwanda, haina spea. Ikiharibiwa leo inabaki hivyo mpaka ife, na maisha yake ni siku 7 hadi 10. Dawa yenyewe hutoka mwilini ndani ya saa chache. Kazi yake inabaki wiki nzima, ikipungua polepole kadiri uboho unavyoleta chembe mpya, kama sehemu ya kumi kwa siku. Ndiyo maana kiasi kidogo tu, miligramu 75 au 100, kinatosha. Na ndiyo maana daktari wa meno anakuuliza kama unatumia aspirini kabla hajang'oa jino, hata kama uliimeza Ijumaa na leo ni Jumatatu.

Halafu kuna tumbo. Prostaglandini nyingine, ndugu za ile ya chembe sahani, ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo usichomwe na asidi yake mwenyewe. Aspirini haichagui. Inadhoofisha ukuta, na wakati huo huo inawafunga mdomo mafundi wa kuziba. Inatoboa bomba na kumfukuza plamba siku moja.

Shosho yangu wa Nyandarua alijua habari hii kwa mwili wake kabla mimi sijaisoma popote. Mwaka wa 2021, habari za chanjo ya AstraZeneca na damu kuganda zilipofika kwenye magrupu ya WhatsApp, rafiki yake wa kanisani alimshauri ameze junior aspirin kila jioni "damu iwe nyepesi." Bei yake ni ya sukuma wiki. Akaimeza, chanjo ikaja ikapita, naye akaendelea kuimeza. Magoti yake pia yana shida ya siku nyingi, kwa hivyo alikuwa akinunua na diklofenaki, mbili mbili, kwa mwenye duka la dawa pale soko. Diklofenaki nayo inapiga prostaglandini zile zile za tumbo.

Hakuumwa. Hilo ndilo la kutisha. Alichoka tu, akasema ni uzee. Siku moja alisimama kutoka kwa kiti akaanguka. Hospitalini daktari alimuuliza anatumia dawa gani. Shosho akajibu ya presha, basi. Akaulizwa tena, akajibu vile vile, na hakuwa anadanganya. Junior aspirin kwake si dawa. Dawa ni kitu unachoandikiwa na daktari, kiko kwa karatasi, unakimeza ukiwa mgonjwa. Hii ilikuwa kwenye kopo la majani chai. Ni nesi aliyemuuliza swali la tatu, la adabu kidogo: "Cucu, na choo chako kina rangi gani?" Kilikuwa cheusi, kama lami, kwa wiki mbili. Damu ikishuka kutoka tumboni inapikwa na asidi njiani, haitoki nyekundu. Aliongezwa damu painti tatu. Siku hizi anatumia paracetamol kwa magoti na anawahubiria wenzake kuhusu rangi ya choo, hata wakati wa chakula.

Ile lugha ya damu nyepesi na damu nzito nimeisikia kila mahali, kwa matatu, kwa kinyozi, kwa watu wenye digrii. Inaeleweka ilikotoka, hata Waingereza wana msemo wa namna hiyo. Lakini inadanganya. Ukimeza aspirini damu haibadiliki uzito, haiongezwi maji, haitiririki kasi zaidi. Kilichobadilika ni kwamba mafundi wamo barabarani, idadi ni ile ile, lakini hawaitani. Hutaliona hilo mpaka siku kuna kitu cha kuziba. Mtu anayeamini damu yake imekuwa nyepesi anajihisi amefanya usafi, kama aliyesafisha mitaro kabla ya mvua za Aprili. Hawezi kufikiria kwamba amewapa likizo watu wa zimamoto.

Lakini ngoja, kwa sababu hadithi haijawa ya upande mmoja, na nisingependa mtu amwage dawa za babake kwa sababu ya mimi.

Craven alikuwa sahihi, angalau nusu. Mwaka wa 1974 Peter Elwood na wenzake kule Cardiff walifanya alichokosa Craven. Waliwachukua wanaume 1,239 waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo, wengine wakapewa aspirini, wengine kidonge kitupu, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Waliopewa aspirini walikufa kwa uchache kidogo, ila tofauti haikutosha kuapia. Jibu lilikuja mwaka wa 1988 kutoka jaribio lililoitwa ISIS-2: wagonjwa 17,187, hospitali 417, nchi 16, wote wakiwa wamefika na dalili za mshtuko wa moyo ndani ya saa 24. Katika wiki tano za kwanza, vifo vya moyo na mishipa vilikuwa asilimia 11.8 kwa wasiopewa aspirini na asilimia 9.4 kwa waliopewa. Kidonge cha shilingi chache kiliokoa zaidi ya watu wawili katika kila mia. Kwa mtu ambaye mshtuko umempata leo, mjadala uliishia hapo.

(Kuna utani mzuri kwenye ripoti hiyo. Wahariri wa jarida walitaka matokeo yagawanywe kwa vikundi vidogo vidogo, wanawake hivi, wazee vile. Watafiti wakaona hiyo ni njia ya kujitafutia matokeo ya uongo, kwa hivyo wakawagawanya wagonjwa kwa nyota za kuzaliwa. Ikaonekana aspirini haifanyi kazi kwa waliozaliwa nyota ya Mapacha na ya Mizani. Upuuzi mtupu, na ndivyo walivyotaka ionekane.)

Mwaka huo huo zikatoka habari nyingine kubwa, na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Jaribio hili lilifanywa kwa madaktari wa kiume wa Marekani, 22,071, watu wazima wenye afya. Nusu walimeza aspirini siku moja ndiyo siku moja la. Lilisimamishwa mapema kwa sababu mishtuko ya moyo ilikuwa imepungua kwa asilimia 44: watu 139 upande wa aspirini, 239 upande wa pili. Magazeti yalishangilia. Ila ripoti kamili ilikuwa na safu nyingine. Kiharusi cha damu kuvuja kwenye ubongo: 23 waliokuwa kwa aspirini, 12 wasiokuwa nayo. Idadi ndogo, huenda ni bahati nasibu, walisema. Na vifo vya moyo na mishipa kwa jumla? Pande zote zilikaribia kulingana.

Soma hizo namba tena taratibu. Wanaume wenye afya nzuri, wasiovuta sigara kwa sehemu kubwa, wenye bima na elimu, walipunguza mshtuko wa moyo na bado hawakufa kwa uchache zaidi wa magonjwa hayo. Lakini "asilimia 44" ni kichwa cha habari kitamu, na kilisafiri miaka 30 kabla hakijapata breki. Kiliwafikia watu wasio na ugonjwa wa moyo, kote duniani. Kilifika Nyandarua kwenye kopo la majani chai.

Breki ilikuja 2018. Watafiti wa Australia na Marekani waliwafuata watu 19,114 waliokuwa na afya, wengi wao wenye miaka 70 kwenda juu, kwa karibu miaka mitano. Aspirini haikuwapunguzia magonjwa ya moyo kwa kiasi cha kueleweka. Kutokwa na damu kubwa kulikuwa asilimia 3.8 kwa walioimeza, 2.8 kwa wasioimeza. Mwaka wa 2022 jopo rasmi la kinga nchini Marekani likawashauri watu wa miaka 60 na zaidi, ambao hawajawahi kupata ugonjwa wa moyo wala kiharusi, wasiianze.

Shosho alikuwa na miaka 74.

Kwa wale ambao tayari wana ugonjwa, barabara ilienda upande mwingine, kuelekea dawa kali zaidi. Aspirini inazima wito mmoja tu wa chembe sahani. Wafaransa wakatengeneza dawa za kuzima wito mwingine, na maarufu zaidi ikawa klopidogreli. Mwaka wa 2001 wagonjwa 12,562 wa moyo walijaribiwa: aspirini peke yake, au aspirini na klopidogreli pamoja. Mishtuko, viharusi na vifo vya moyo vikashuka kutoka asilimia 11.4 hadi 9.3. Kutokwa na damu kubwa kukapanda kutoka 2.7 hadi 3.7. Mwaka wa 2007 ikaja prasugreli, kali kuliko klopidogreli. Moyo ukafaidika zaidi, na waliokufa kwa kutokwa na damu wakawa asilimia 0.4 badala ya 0.1. Ukiziweka namba hizi kwenye karatasi moja zinafanana na ngazi mbili zinazopandwa kwa mguu mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kuinua moja bila kuinua nyingine.

Kuna wanaolazimika kupanda tu. Mtu akizibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti, yule wavu mdogo wa chuma unaoushikilia mshipa wazi, chembe sahani huuona ule wavu kama jeraha. Akiacha dawa mapema kwa sababu aliona damu akipiga mswaki, wavu unaweza kuziba ghafla, na huo mshtuko huwa mbaya. Kwake, ufizi unaovuja ni jambo la kumpigia daktari simu, dawa ikiendelea kumezwa.

Na kuna wasiopaswa kupanda hata ngazi ya kwanza. Mombasa imepigwa na homa ya dengi mara kadhaa, 2013, 2017, 2021, na dengi huangusha idadi ya chembe sahani. Mtu ana homa, kichwa kinapasuka, mifupa inauma. Anatuma mtoto dukani alete dawa ya maumivu, na ziko dawa za kichwa ambazo mbele ya pakiti hazisemi aspirini, ila ukigeuza nyuma ukasoma maandishi ya ukubwa wa siafu unaikuta. Chembe zimebaki chache, na hizo chache unazinyamazisha. Ushauri wa kila mlipuko ni paracetamol pekee mpaka ijulikane ni homa gani.

Pwani hawakuambiwa habari za homa hiyo na wageni. Daktari James Christie, Mskoti aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika mwaka wa 1872 kuhusu mlipuko wa ugonjwa ambao wenyeji waliuita kidinga pepo, na wako wanaosema jina dengue lenyewe lilitoka hapo, ingawa wengine wanahoji kwamba ugonjwa ule huenda ulikuwa chikungunya. Kiswahili cha leo kinasema kidingapopo. Jina liko midomoni kwa zaidi ya miaka 150. Onyo kuhusu aspirini ni geni, na bado halijafika kwenye duka la kona.

Miaka ya karibuni watafiti wameanza kushuka ngazi. Mwaka wa 2019 yalitoka matokeo ya wagonjwa 7,119 wa stenti waliokuwa wamemaliza miezi mitatu kwa dawa mbili, aspirini na nyingine mpya iitwayo tikagrelori. Nusu wakaendelea na zote mbili kwa mwaka mmoja, nusu wakaachishwa moja bila wenyewe kujua. Waliotokwa na damu walishuka kutoka asilimia 7.1 hadi 4.0. Vifo, mishtuko na viharusi vilikuwa asilimia 3.9 pande zote mbili. Dawa iliyoachwa ilikuwa aspirini.